Walivyoigawana Stesheni ya Drumkeelan

Treni ya mwisho iliondoka Drumkeelan mwaka 1959, siku ya Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Jumatatu yake shirika la reli likaleta watu wawili kutoka Dublin, wenye makoti marefu na karatasi mikononi, waje kuhesabu mali ya stesheni kabla ya reli kung'olewa. Walikuta kuta nne na paa. Mlango haukuwepo. Saa ya ukutani haikuwepo, wala benchi, wala taa, wala kengele, wala jiko la chumba cha abiria, ambalo lilikuwa la chuma tupu na lilihitaji wanaume sita kulinyanyua. Wakauliza wenyeji. Wenyeji wakawajibu kwa upole kwamba upepo wa Jumapili ulikuwa mkali sana.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yangu alichukua taa mbili, akaning'iniza moja zizini na nyingine akaificha juu ya dari asiione mama. Simwiti mwizi. Watu wa kwetu walisema kwamba reli ilipita katikati ya mashamba ya babu zetu miaka sabini na miwili ikitisha ng'ombe, na sasa inaondoka bila kuaga, kwa hiyo kila mtu akajichukulia kwaheri yake mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyeuliza tena. Vitu vikazoea makazi yao. Packie Breslin alikuwa na lango la shamba lililoungwa kwa vipande vya reli, zito kiasi kwamba fahali wake alikwisha kata tamaa nalo. Kuku wa Nan Bohan walitaga katika behewa la daraja la tatu, chini ya mikanda ya ngozi ya kufungulia madirisha. Benchi la stesheni lilikuwa kanisani, karibu na sanamu ya Mtakatifu Yosefu, na vikongwe walikuwa wakilikalia wakisali rozari. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakidhani kila parokia duniani inafuga kuku kwenye behewa.

Kisha Dympna Tuohy akaanza kuuliza.

Dympna ndiye aliyetunza maktaba yetu, chumba kimoja ubavuni mwa ukumbi wa parokia, kilichofunguliwa Jumanne na Ijumaa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwanamke mwembamba mwenye hatua ndefu, na miaka kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameishi kwetu, akiwa mke wa Lorcan Tuohy, dereva wa lori la kiwanda cha maziwa. Mkate wake wa soda ulisifiwa. Aliimba kwaya. Lakini alikuwa amezaliwa Kilnashee, maili nane kutoka kwetu, ambako reli ilianzia, na mtu wa Kilnashee ni mtu wa Kilnashee hata ukimzika Drumkeelan. Hao ndio waliotunyang'anya kombe la mpira mara tatu kwa refa aliyekuwa shemeji yao. Kwetu maziwa yakiganda kabla ya wakati, mtu huulizwa kama kuna yeyote kutoka Kilnashee aliyepita barabarani.

Vuli ya mwaka 1986 Dympna alifungua sanduku la vitabu vikuukuu lililoletwa maktaba na jamaa za marehemu mmoja. Chini kabisa akakuta ratiba ya treni zetu. Akaisoma kama watu wanavyosoma barua ya mchumba. Mwaka uliofuata ungetimia mwaka wa mia moja tangu treni ya kwanza, naye akaamua kuandika kitabu cha historia ya njia ile, toka Kilnashee hadi Drumkeelan, na kila kilichobaki kwayo. Akanunua gambuti. Akaazima ramani za kaunti. Tukaanza kumwona juu ya tuta la reli wakati wa mvua, akipima madaraja kwa futi ya fundi cherehani, na siku moja aliingia kwa magoti kwenye kalvati chini ya shamba la Breslin akatokea upande wa pili, kofia yake imejaa utando wa buibui, akatangaza kwamba matofali ya ndani yalikuwa mazuri ajabu. Aliandika barua Dublin. Mimi ndimi niliyezipeleka, na mimi ndimi niliyeleta majibu, ambayo yalikuwa mafupi.

Maana mimi, Fergal Mulvey, ndimi tarishi wa pande hizi. Kila nyumba naifikia kwa baiskeli, na kwa sababu hiyo Dympna akaniomba jambo dogo: niwaambie watu kwamba atapita kuona masalio yoyote ya reli na kusikiliza hadithi zao. Ndivyo alivyosema, masalio na hadithi. Sina kisingizio cha kutoelewa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Packie Breslin. Packie alikuwa na miaka sabini, na kuwa na wasiwasi ndiyo ilikuwa starehe yake kuu. Nilimkuta ameegemea lango lake la reli. Shetani, ambaye anaijua njia yangu ya barua kuliko mimi, akanikalia ulimini. Nikamwambia kwamba Dympna anaandika orodha ya mali yote ya reli iliyo mikononi mwa watu, na kwamba anaiandika kwenye karatasi yenye muhuri wa kinubi, nembo ya serikali. Karatasi hiyo kweli alikuwa nayo. Karatasi zote za maktaba zina kinubi. Sikusema orodha ni ya nini. Nilimuuliza tu lango lile lina umri gani, nikapanda baiskeli yangu.

Nilikusudia mzaha wa asubuhi moja. Nilisahau kwamba Packie alikuwa ameingiziwa simu mwezi uliotangulia, na bado alikuwa akitafuta sababu ya kuitumia. Nilipomaliza mzunguko wangu saa nane mchana, nyumba za mwisho ndizo zilizonisimulia mimi habari yenyewe, ikiwa imeshanenepa: kwamba kuna maofisa wawili wanakuja nyuma ya Dympna, kwamba kuna lori la kubeba kila kitu hadi Kilnashee, kwamba huko kaunti ya jirani mtu amefungwa kwa kukutwa na taruma moja la mbao la kulazia reli.

Jumatatu iliyofuata Dympna akaanza kuzunguka. Alipofika kwa Packie, palipokuwa na lango la reli palikuwa na kichwa cha kitanda cha kale, kimefungwa kwa kamba, na ng'ombe wamesimama nyuma yake wakikitazama kwa dharau. Dympna akauliza lango limekwenda wapi. Packie akasema lango ndilo hilo, ndilo limekuwa hilo siku zote.

"Mzee wangu, Alhamisi nililifungua la chuma kwa mikono yangu hii."

"Alhamisi kulikuwa na ukungu," Packie akasema.

Kwa Nan Bohan mambo yalikuwa makubwa zaidi, kwa kuwa behewa la futi thelathini halifichiki nyuma ya mlango. Nan, mjane mwenye mikono kama ya mhunzi, alikuwa amelifunika kwa turubai mbili na juu yake akarundika nyasi kavu za majira mazima. Kuku walikuwa wamezagaa uani kama abiria waliocheleweshwa. Dympna akakaribishwa chai na bekoni, akala, akashukuru, kisha akauliza kwa adabu nini kiko chini ya turubai. Nyasi, Nan akasema. Na chini ya nyasi? Nyasi za mwaka jana. Walipokuwa wamesimama hapo, nyasi zikatikisika, na jogoo mmoja akachomoza kichwa kati ya turubai na dirisha, akawatazama wote wawili, akarudi ndani taratibu. Nan akasema kuku wa siku hizi wana tabia za ajabu. Dympna akatoa daftari lake mbele ya Nan akaandika, na baadaye alinionyesha alichoandika: nyasi kavu, zina madirisha.

Kanisani benchi lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe na kupangwa vyungu sita vya maua, Mtakatifu Yosefu akaonekana kama mtu aliyehamia bustanini. Dympna aliliona, akapita. Lakini alikuwa amekuja kuungama, ilikuwa Jumamosi asubuhi, akaingia katika kizimba cha maungamo na kupiga magoti. Habari hii nimeipata kwake mwenyewe, na yeye hafungwi na siri ya sakramenti. Alipokuwa akisubiri padri amalizane na mtu wa upande wa pili, aliona rangi imebanduka chini ya kile kidirisha kidogo cha kusemea. Akaikwangua kwa ukucha. Chini ya rangi palikuwa na rangi nyingine, na juu ya hiyo, herufi. Akaendelea kukwangua. Kidirisha kilipofunguka, Padri Cathal Hanratty, ambaye alikuwa na mwaka wa tatu tu kwetu na hakujua lolote, hakusikia yale maneno ya kuanzia.

"Padri," Dympna akasema, "hiki kidirisha ulikikuta hapa?"

Padri akasema kwa upole kwamba yeye husikiliza dhambi, habari za useremala angoje baada ya misa.

"Basi dhambi ni hii. Nina miaka kumi na minne naungama kwenye dirisha la tiketi."

Padri Cathal akakipapasa kidirisha kwa upande wake. Kisha akauliza, daraja la ngapi?

"La tatu."

Ikabainika kwamba padri aliyemtangulia, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kubana matumizi, na mwaka ule wa 1959 alihitaji kizimba kipya. Parokia nzima ilikuwa imetubu miaka ishirini na saba mahali ambapo zamani ilikuwa ikiomba tiketi ya kwenda na kurudi.

Ijumaa iliyofuata nilipeleka barua maktaba. Dympna akafunga mlango nyuma yangu, akanimiminia chai, akaketi mezani akaendelea kupiga mihuri kwenye vitabu. Alikuwa na nyumba kumi na moja kwenye daftari lake na katika kumi na moja hizo hapakuwa na hata msumari wa reli. Aliniuliza swali moja tu, niliwaambia nini watu. Nilijaribu kuanzia mbali, kwenye hali ya hewa. Akapiga muhuri mwingine. Nikamwambia yote, hadi kinubi.

Nilitarajia anifokee. Alicheka, lakini kicheko kifupi, kisha akasema, "Ulimi wako umeifukia reli nzima kwa siku nne, Fergal. Sasa ulimi huo huo utaifukua."

Akanieleza nitakachosema. Nikipita na barua Jumatatu, nitaje kama jambo la kusikia tu kwamba Kilnashee wanaandaa maonyesho ya mwaka wa mia wa reli katika ukumbi wao. Niseme kwamba huko wanasema njia ile ilikuwa njia ya Kilnashee, na kilichofika Drumkeelan kilikuwa mkia tu wa kupakilia nguruwe. Niseme pia kwamba wanadai Drumkeelan haina hata kitu kimoja cha kuthibitisha kwamba iliwahi kuwa na stesheni.

"Usiongeze chochote," akasema. "Nakujua."

Niliongeza kidogo sana. Nilisema tu kwamba wamechora picha ya nguruwe aliyevaa kofia ya stesheni masta wetu.

Packie Breslin aliposikia alinigeuzia mgongo. Alikuwa akifunga kamba ya kile kichwa cha kitanda. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita, akaniuliza kama hiyo picha ya nguruwe ni kubwa. Nikamwonyesha kwa mikono. Jumatano lango lilikuwa limerudi mahali pake, limepakwa rangi. Alhamisi Nan Bohan alimsimamisha Dympna nje ya duka, akamwambia kwamba zile nyasi, sasa akifikiri vizuri, huenda zilikuwa behewa. Ijumaa kulikuwa na foleni mlangoni mwa maktaba, na kila mmoja alitaka kwanza kujua mwenzake kaleta nini. Wengine walimwambia wazi kwamba wanajua yeye ni wa huko, na kwamba aende akawaambie nduguze. Dympna akasema atawaambia. Akapanga maonyesho ya Drumkeelan, Jumapili ya pili ya Novemba baada ya misa, wiki mbili kabla ya hayo maonyesho ya Kilnashee ambayo hayakuwepo.

Jumapili ile ukumbi ulijaa hadi hapakuwa na pa kuweka mguu. Mimi mwenyewe nilileta taa mbili za baba, na mama yangu, aliyeishi chini ya dari ile miaka yote, akaniuliza mbele za watu hiyo ya pili imetoka wapi. Ililetwa saa ya stesheni, ambayo kwa muda mrefu watu wawili walikuwa hawasalimiani wakishukiana juu yake, kumbe alikuwa nayo wa tatu. Mataruma yalikuja kama vizingiti, kama rafu, moja kama sehemu ya kitanda cha mtoto. Zilikuja kofia mbili za dereva mmoja. Kengele zilikuwa tatu. Stesheni yetu haikuwahi kuwa na kengele zaidi ya moja, lakini kila mwenye yake alikuwa tayari kuapa, ingawa moja ilikuwa na jina la shule limechongwa ndani. Na lile jiko la chuma la wanaume sita lilifika kwa tela, kutoka nyumbani kwa marehemu sajenti wa polisi, aliyepewa kazi ya kulitafuta. Mjane wake alilisindikiza, amevaa kofia yake nzuri, akasema limepasha moto vizuri sana.

Nan Bohan alilivuta behewa zima kwa trekta hadi mbele ya ukumbi. Kuku walikuwemo, kwa kuwa walikataa kushuka. Watoto wakapanda humo wakaketi kati yao, na jogoo akapita kati ya viti akiwakagua.

Dympna alikaa kwenye meza ndogo akiandika. Kila aliyeleta kitu alieleza kilimfikiaje, na masikio yangu hayajawahi kusikia uongo mwingi kiasi hicho mchana kweupe. Vitu vilikuwa vimeokotwa mtoni. Vilikuwa vimeachwa urithi na mjomba aliyefia Boston. Vilikuwa vimeletwa na mbwa. Dympna aliandika vyote bila kunyanyua nyusi, akiuliza tu upande gani wa mto, na mbwa alikuwa wa aina gani.

Ilikuwa kama saa saba mchana niliposikia trekta nyingine inakuja, na sauti yake si ya trekta za kwetu. Watu wa mlangoni wakapisha. Akaingia Malachy Devane, kaka yake Dympna, mtu mkubwa asiye na maneno mengi, na nyuma yake wanaume wanne wa Kilnashee. Ndani ya ukumbi zikasikika sauti za kuku wa nje tu. Malachy akavua kofia. Akasema amesikia kwamba parokia yake inaandaa maonyesho, na kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa ukumbi wa Kilnashee na hana habari nayo, ameona aje aulize. Tena, akasema, angependa kumwona yule nguruwe.

Watu wote wakanigeukia. Mimi nikaona vyema nilikague lile jiko.

Dympna akasimama. Akasema hakuna maonyesho Kilnashee, hayajawahi kuwepo, yeye ndiye aliyetaka isemwe hivyo. Nguruwe hamjui, habari za nguruwe aulizwe tarishi. Manung'uniko yakaanza nyuma yakaja mbele, na Packie Breslin akasimama katikati yake.

"Umetudanganya," akasema.

"Nimewadanganya. Nawe uliniambia lango lako ni kitanda."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Packie akatazama chini. Sijui mambo yangekwenda upande gani kama Malachy asingesema, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, kwamba hakuja mikono mitupu. Akawaashiria wenzake. Wakatoka, wakarudi wamebeba meza ya jikoni, ndefu, yenye miguu minene, juu yake bado kuna unga. Dympna alipoiona akaketi tena bila kujua.

"Malachy," akasema, "mama anajua?"

"Mama yuko misa ya pili."

Wakaipindua meza, miguu ikaelekea juu. Upande wa chini ulikuwa ubao mmoja mweusi, na juu ya weusi ule, kwa herufi nyeupe za urefu wa shibiri, palikuwa pameandikwa DRUMKEELAN.

Kilikuwa kibao cha stesheni yetu. Kibao hicho ndicho pekee tulichoamini kwa moyo safi kwamba shirika lilikichukua lenyewe, na tulikuwa tumelichukia shirika kwa ajili yake miaka ishirini na saba. Malachy akaeleza kwa maneno machache. Siku ya treni ya mwisho baba yao alikuja Drumkeelan kama abiria, ana bisibisi mfukoni. Akarudi Kilnashee kwa treni hiyo hiyo, na kibao akakilipia tiketi ya mzigo, kama ubao wa kawaida. Akasema hata mpagazi alimsaidia kukipakia, akamwambia aangalie vidole.

Mpagazi wa siku zile alikuwa Packie Breslin.

"Kilikuwa kifudifudi," Packie akasema.

Hapo ukumbi mzima ulicheka, Kilnashee na Drumkeelan pamoja, na Packie naye mwishowe. Lakini Dympna hakucheka. Alikwenda kwenye meza akaweka kiganja juu ya herufi ya kwanza. Akasema, si kwa kututangazia, ni sisi tuliokuwa karibu tuliosikia, kwamba alikuwa na miaka saba meza ile ilipotengenezwa. Siku za mvua alikuwa akilala chali chini yake huku mama yake akikanda mkate juu, na hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza kusoma, kabla ya jina lake mwenyewe. Baba yao aliwaapisha wasimwambie mtu. Miaka ikapita, akawa msichana, akaenda dansi, na kijana mmoja mwenye masikio makubwa akamwomba wacheze. Akamuuliza anatoka wapi. Kijana akasema Drumkeelan, na yeye akaangua kicheko hata akakosa pumzi, na hakuweza kumweleza kwa nini.

Lorcan Tuohy alikuwa kwenye birika kubwa la chai, akigawa vikombe. Akaweka chini kikombe alichoshika.

"Miaka kumi na minne," akasema, "nimekuwa nikifikiri ni masikio."

Dympna akamwambia masikio nayo yalichangia.

Baada ya hapo ikaja mivutano, kama ilivyotarajiwa. Watu wetu wakataka kibao kibaki, kwa kuwa ni jina letu. Malachy akasema jina ni lenu, meza ni ya mama, na saa kumi atataka kuandaa chakula. Nan Bohan akasema kwamba tumemshuku Dympna wiki nzima kuwa amekuja kutuchukulia vitu apeleke Kilnashee, na sasa imethibitika kwamba tulimwonea: walikwisha chukua zamani. Akasema hivyo kwa heshima, kama fundi anayesifu kazi ya fundi mwenzake. Mwishowe wakakubaliana meza isimame miguu juu mpaka saa tisa na nusu, kila mtu aione, kisha irudi kwao. Wazee wakapita mmoja mmoja wakiigusa. Saa tisa na nusu Malachy akaipindua, akapangusa ule unga, wakaondoka nayo.

Kitabu kilichapishwa Julai iliyofuata, kurasa sitini na nne. Kila nyumba ilinunua viwili, kimoja cha kusoma na kimoja cha kupeleka Boston au London kwa jamaa, na wote walifungua kwanza ukurasa wa mwisho wenye majina. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kitu kiliibwa. Dympna aliandika kila mara: kilitunzwa na familia ya fulani. Sura ya kengele ina kurasa tisa na haitoi hukumu. Padri Cathal aliombwa na askofu abadilishe kidirisha, akajibu kwamba hana mafundi, na tangu hapo wazee wetu wengine wakipiga magoti huomba ya kwenda na kurudi kabla ya kuanza dhambi zao. Dympna bado anaitwa mtu wa Kilnashee, ila sasa watu humwita hivyo wakiwa wamemvutia kiti.

Siku kitabu kilipotoka, Malachy alimleta mama yao kwa gari aone mahali stesheni ilipokuwa. Bi Winnie Devane alikuwa mwanamke mdogo wa miaka sabini na miwili, koti jeusi, mkoba umebanwa kwapani. Mimi nilikuwepo, nilikuwa napeleka barua. Kuta zilikuwa zimeanguka kitambo, imebaki sakafu ya kushukia abiria tu, mchongoma umeota juu yake, na kando yake safu ya mawe makubwa ya kuchongwa ambayo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyanyanyua. Dympna alimshika mkono, akamwonyesha chumba cha abiria kilikuwa wapi, treni ilisimama wapi, baba alitelemka wapi na bisibisi yake. Bi Winnie alisikiliza yote. Akatembea polepole hadi mwisho wa sakafu, akagusa jiwe moja kwa ncha ya kiatu, akalikagua na la pili yake.

"Haya mawe," akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini, "kuna mtu anayatumia?"

Dympna akamwambia waende wakanywe chai. Malachy yeye alikuwa amekwisha chutama, anayapima urefu kwa mkanda wa suruali.